Parker 51 ya zamani: peni ya wino ambayo ukiiacha itulie inadumu

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma mpaka chini. Kama unataka peni ya wino ya zamani moja tu, na unaishi sehemu kama Dar au Mombasa ambako kumpata fundi wa peni ni shughuli, chukua Parker 51 ile ya kubonyeza, wenyewe wanaiita Aerometric, hizo nyingine ziache kwanza. Sio peni nzuri kuliko zote kwa macho, kuna za miaka ya 1930 zina mistari na rangi ukiziona mate yanakutoka, lakini hizo nyingi zinahitaji fundi na hii inahitaji maji safi na mtu mwenye subira, basi. Na kiukweli zile 51 mbovu ninazokutana nazo nyingi hazijaharibiwa na umri, zimeharibiwa na mtu aliyekuwa anazitengeneza.

Ya kwangu ni rangi ya damu ya mzee, kifuniko cha chuma kisichong'aa sana, klipu ya mshale kama kawaida ya Parker, na kwenye mdomo wa kifuniko pamechongwa maandishi madogo kwamba imetengenezwa England. Hapo kuna kahistoria kidogo. Parker ni kampuni ya Marekani, ilianzishwa 1888 mji wa Janesville, jimbo la Wisconsin, na George Safford Parker, lakini miaka ya 1940 walichukua kiwanda cha kampuni ya Kiingereza ya Valentine kule Newhaven, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, na baada ya vita kiwanda hicho ndo kikawa kinatoa peni za Uingereza na masoko yake. Kwahiyo ukikuta 51 kwenye droo la mzee aliyekuwa karani au hakimu enzi za mkoloni huku kwetu, usishangae kuona Made in England badala ya Made in USA, na usidhani ni feki. Mi binafsi naona za Newhaven ziko vizuri tu, hazina tofauti ya kunifanya nilipie zaidi ile ya Marekani.

Jina 51 limetoka kwenye umri wa kampuni, peni ilikamilika 1939, mwaka wa 51 tangu waanze. Madukani Marekani ikaingia rasmi 1941, bei inaanzia dola 12 na senti 50, ambayo kwa wakati ule sio hela ya mchezo. Ikauzwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mamilioni kwa mamilioni zilitoka, na hilo ni jambo zuri kwako wewe mnunuzi, kwasababu kitu kilichotengenezwa kwa wingi hivyo hakiwezi kuwa na bei ya kipuuzi, labda uwe unatafuta rangi adimu kama Nassau Green au vifuniko vya dhahabu tupu, na hapo tena tunaongelea ukusanyaji sio uandishi.

Sasa kinachowashangaza watu wakiishika mara ya kwanza ni kwamba nibu, kile kichuma cha kuandikia, haionekani. Inachungulia kincha kidogo tu, nyingine yote imefunikwa. Wengi wanadhani ni urembo, wengine wanadhani ni bolpeni. Sio urembo. Parker walikuwa wametengeneza wino wa kukauka haraka sana ukigusa karatasi, ili mtu asihitaji karatasi ya kunyonya wino, na wino wa namna hiyo kwenye nibu ya wazi ungekauka hapo hapo kwenye ncha kabla hujamaliza kufikiria sentensi. Ndo wakaifunika. Ndani ya kile kichwa kuna kipande chenye mapezi mapezi membamba kinachoshika wino wa ziada, joto likipanda na hewa ya ndani ikitanuka wino unaishia kwenye mapezi badala ya kuishia kwenye shati lako. Ule wino wenyewe wala usiutafute, ulikuwa mkali, na mwenzake aliyefuata, Superchrome, mpaka leo una sifa mbaya ya kula vyuma vya ndani ya peni. Ukiona chupa ya zamani ya Superchrome inauzwa nunua uweke kabatini kama pambo. Lakini umbo la peni walilolazimika kulibuni kwa ajili ya wino ule mbaya ndo limekuwa faida kwetu, maana peni hii unaweza kuifunika Ijumaa ukaifungua Jumatatu na ikaandika kwenye herufi ya kwanza, na hali ya hewa ya Dar unaijua, feni iko juu ya kichwa siku nzima inakausha kila kitu.

Tuje kwenye kujaza. Kuna aina mbili. Kuanzia 1941 hadi 1948 zilikuwa zinajazwa kwa kusukuma kitufe nyuma, mfumo wa Vacumatic, ndani kuna ngozi ya mpira inayochoka na lazima ibadilishwe, na kuibadilisha kunataka vifaa maalum. Hizo usiguse kama ndo unaanza, hata muuzaji akikwambia "ilikuwa inafanya kazi mwisho ilipotumika". Mwisho ilipotumika lini? Enzi za Nyerere? Kuanzia 1948 ndo ikaja Aerometric, unafungua mwili wa peni, unakuta ala ya chuma yenye kibao cha kubonyeza, na ndani yake kimfuko chenye kupitisha mwanga walichokiita Pli-Glass. Hicho kimfuko ni PVC, sio mpira wa kawaida, na hapo ndo siri yote ilipo. Mifuko ya mpira kwenye peni za zamani, hizi za Esterbrook na Sheaffer za mkono wa pembeni, kwa joto letu inakuwa ama ngumu inavunjika vipande ama inageuka uji mweusi. Pli-Glass ya mwaka 1950 unaikuta leo bado laini, labda imepata rangi ya wino tu, unaosha unaendelea. Maelekezo yamechongwa kabisa kwenye ile ala, zamisha ncha, bonyeza mara kadhaa, futa. Cha kuongezea ni kwamba usibonyeze kama unapiga pampu ya baiskeli, bonyeza, achia, subiri mfuko urudi kwenye umbo lake unyonye, ndo ubonyeze tena, ukifanya haraka unaishia na nusu ya wino.

Kwenye kuandika sasa. Nibu ni dhahabu ya karati 14, ncha imewekewa metali ngumu sana isiyolika haraka. Inateleza. Yaani inateleza kwa namna ambayo bolpeni huwezi kuilinganisha, husukumi, unaielekeza tu. Lakini haipindi hata kidogo, kama ulikuwa unataka yale maandishi ya kadi za harusi, mstari unanenepa unakonda, tafuta peni nyingine, hii inatoa mstari mmoja kuanzia mwanzo wa ukurasa mpaka mwisho. Inatoa wino mwingi pia, na hapo unakutana na tatizo la karatasi zetu. Kwenye kaunta buku za bei ya chini wino unatambaa, unatokea upande wa pili, herufi zinaota ndevu. Sio kosa la peni, karatasi inanyonya kupita kiasi na unyevu wa pwani unaongezea. Kwenye karatasi nzuri ya fotokopi iko safi. Kama unaweza kuchagua nibu, chukua nyembamba, ile wanayoandika F, ukichukua nene kwenye karatasi za huku utajuta.

Wino: Quink tu. Sisemi kwa ushabiki, ni kwasababu inapatikana kwenye duka la vifaa vya ofisi bila kuagiza, haina makali, na Parker wameutengeneza tangu 1931. Pelikan 4001 ukiipata nayo sawa. Usije ukaweka wino wa kuchorea, ule wa mafundi ramani, una gundi ndani yake, ukikauka kwenye yale mapezi umeua peni. Wala wino wa mihuri. Wala wino wa printa, na ndio, kuna mtu aliniuliza hilo na hakuwa anatania.

Nihame kidogo nieleze kisa kimoja maana kinaonyesha ninachosema. Kuna mama mmoja mtaani kwetu, marehemu mumewe alikuwa karani bandarini. Siku moja nimekaa kwake kibarazani naandika kitu akaiangalia sana peni yangu, akasema, "Mwanangu, mbona hiyo kama ya mzee? Ile yake ipo kwenye sanduku la vyeti, lakini ilishakufa, haiandiki." Nikamwambia, mama, nipe niione, sitaifungua. Akaitoa imeviringishwa kwenye leso. 51 nyeusi, kifuniko kina kidonda kidogo cha kubonyea, jina la mzee limechongwa mwilini. Wino umekauka ndani miaka sijui mingapi. Nikachukua glasi ya maji ya kunywa, nikaizamisha ncha tu na kale kasehemu kaliko juu yake, nikaiacha. Asubuhi glasi nzima bluu. Tukamwaga, tukaweka maji mengine, tukabonyeza, mwanzo haitoi hata kipovu, tukaacha tena. Ilikwenda hivyo siku kadhaa, kila siku maji yanakuwa mepesi zaidi, mwishoe vipovu vikaanza kutoka, mfuko ukaanza kunyonya. Hakuna kilichobadilishwa. Tukaweka wino ikaandika. Sasa hivi yeye ni mweka hazina wa vikoba na ndo anayoandikia daftari la marejesho, na wanachama wanasema anajisikia. Kitu pekee nilichomkatalia ni wino wa bluu ule wa kufulika, maana unafifia kwenye jua na maji yakimwagika unakwenda na deni la mtu, nikamwambia mama weka mweusi.

Hiyo ndo matunzo yenyewe. Maji, muda, maji. Maji yawe ya kunywa au yaliyochemshwa yakapoa, visima vingi vya Dar vina chumvi na chumvi hiyo hutaki ikaukie mle ndani. Wino ukiwa sugu kabisa weka tone moja la sabuni ya vyombo, au amonia kidogo kwenye maji mengi, sehemu moja kwa kumi, alafu suuza sana. Kusafisha hii peni kunachukua muda mrefu kuliko peni nyingine, hilo niseme wazi, yale mapezi yanashikilia wino, ukitaka kubadili rangi kutoka bluu kwenda nyekundu jipange. Kuyakausha unaviringisha tishu kwenye ncha, unaisimamisha kwenye glasi kichwa chini, tishu inanyonya yenyewe usiku kucha.

Yasiyoruhusiwa sasa. Spiriti hapana, wala ile ya kusafishia simu. Mwili wa 51 ni akriliki, aina ya plastiki, Lucite ya DuPont, na spiriti inaipasua vinyufa vidogo vidogo ambavyo havirudi. Maji ya moto hapana. Koleo hapana kabisa, yaani ukiangalia 51 za mnadani utaona nyingi zina alama za meno ya koleo pale kwenye kichwa, mtu aliona haiandiki akadhani dawa ni kuifungua, wakati kile kichwa kimegandishwa kwa shelaki, aina ya gundi, na kinataka joto la kupimwa na mkono uliozoea. Fundi saa anaweza kukusaidia kwa jambo moja tu, ana kile kioo cha kukuzia, mwombe akuangalizie kama pande mbili za ncha ziko sawa. Akianza kutafuta bisibisi chukua peni yako uondoke. Na masonara, kwa heshima zote, msiwape vifuniko vya dhahabu wavipige polishi. Vingi sio dhahabu tupu, ni dhahabu iliyobandikwa juu ya chuma kingine, wakisugua sana unabaki na shaba. Hata mwili wenyewe ukiung'arisha kwa kitambaa na polishi ya plastiki kwepa yale maandishi yaliyochongwa, yakifutika thamani imeondoka nayo.

Kuhusu kununua. Yangu nilichukua kwa muuzaji wa mtandaoni Uingereza ikaja na ndugu aliyekuwa anarudi likizo, na huo ndo ushauri wangu, kama una mtu wa kukubebea mtumie. Iliyokwisha kusafishwa na kupimwa na mtu anayejua kazi mara nyingi inaangukia paundi 60 mpaka 120 kutegemea rangi na kifuniko, zisizosafishwa zinashuka chini ya hapo na kwa Aerometric mi naona ni kamari inayolipa. Picha zisikudanganye, muulize muuzaji hivi: mfuko ukibonyezwa ndani ya maji unatoa povu? Kichwa kina ufa? Kifuniko kikifungwa peni ikageuzwa juu chini kinabaki? Hilo la mwisho watu wanalisahau, kifuniko cha 51 hakina nyuzi za kuzungushia, kinasukumwa tu kinashikwa na vidole vya chuma vilivyomo ndani, na vidole vikichoka peni inadondoka kutoka kwenye kifuniko kilichobaki mfukoni mwako. Inaanguka na ncha kwanza, wala usiulize. Kuna muuzaji mmoja, simtaji, aliniuzia nyingine iliyoandikwa "imerekebishwa" na kumbe kifuniko ni cha peni nyingine kabisa ya Kichina, kinakaa kaa tu. Nilirudishiwa hela baada ya maneno mengi. Peni iliyochongwa jina la mtu huwa rahisi zaidi kwasababu wakusanyaji hawazipendi, mi nazipenda, jina halizuii kuandika.

Alafu kabla hujatuma hela kokote, uliza nyumbani. Shangazi, babu mdogo, mjane wa mwalimu mkuu. Hizi peni zilikuwa zawadi za kustaafu na kupandishwa cheo, hazikutupwa, ziko kwenye masanduku pamoja na vyeti na picha za paspoti. Ila ukipewa kuiangalia usije ukaanza kupanga bei na mtu mbele ya picha ya marehemu, kuna heshima zake.

Mapungufu, maana sitaki ionekane nimelipwa. Kwasababu nibu imefichwa huoni vizuri umeishika kwa pembe gani, ukiizungusha kidogo mkononi inakwaruza, inabidi uzoee kuangalia ule mshale au ncha. Kichwa kikiwa kimegandishwa kikapinda hata kwa unywele, nibu haiko katikati na itakuudhi kila siku. Wino uliobaki huuoni mpaka ufungue mwili. Na kwa umbo, wengine wanaona ni peni ya babu, jambo ambalo siwezi kulibishia.

Ile mpya waliyoitoa 2021 wakaiita 51 pia? Kwa mbali inafanana. Kwa karibu ina nyuzi za kufungia kifuniko, inatumia katriji, kile kichupa cha wino kilichojazwa tayari, au pampu ndogo ya kuchomeka, na ya bei ya chini nibu yake sio ya dhahabu. Inaandika vizuri, sina ugomvi nayo, ila kwa hela hiyo ya toleo la juu unapata ya zamani mbili.

Na kama hujui hata kama utapenda peni ya namna hii, usianze na 51. Nunua Hero 616, ya Kichina, wamenakili umbo la 51 waziwazi na mfumo wa kubonyeza ni ule ule, bei yake ni chakula cha mchana. Ubora wake ni bahati nasibu, moja inaandika vizuri na mwenzake anavuja, ila itakuonyesha kama mkono wako unaukubali wino au unataka urudi kwenye bolpeni. Ukiona mwezi umeisha na bado unaibeba, hapo tafuta Aerometric nyeusi au damu ya mzee, nibu F, kifuniko cha chuma. Mi naipa 9 kati ya 10, ile moja nimeikata kwa ajili ya kuosha.